Mazoezi ya Kuachwa

Kazini walimwita Koleo, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba siku karani alipomwita kwa jina la kwenye kitambulisho, aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Halikuwa jina la matusi. Lilitokana na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kufunga mshipa na kuufungua.

Msiicheke. Moyo wa panya hauzidi zabibu kwa ukubwa. Unatundikwa kwenye bomba la kioo, unanyweshwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sukari na hewa, na maskini wa Mungu unaendelea kudunda pale peke yake, bila kifua, bila panya. Koleo alipitisha uzi chini ya mshipa mmoja, mshipa ambao wengine hata kwa miwani hawauoni, kisha akauvuta uzi ule ndani ya kipande cha mrija na kuubana kwa koleo dogo la chuma. Mshipa ukishabanwa, upande mmoja wa moyo unapauka na kulegea. Akiliachia koleo, maji yanapita tena na rangi inarudi. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ungedhani ni ya mpakia magunia, lakini ikishika uzi ule ilitulia kabisa.

Walichokuwa wanakitafuta pale maabara ni jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utaona watu wanakutania. Chukua mioyo miwili. Wa kwanza ubane mshipa wake kwa muda mrefu, kisha uuachie. Sehemu kubwa ya nyama yake utaikuta imekufa. Wa pili ubane dakika tano, uachie dakika tano, ubane tena, uachie tena, na tena, halafu ndipo uubane ule muda mrefu. Wewe na mimi tungesema huu wa pili umeteswa zaidi, basi utaharibika zaidi. Wapi! Huu wa pili ndio unaonusurika. Nyama ya moyo ikishaonja njaa ya damu kidogo kidogo inashtuka, inajipanga, inabana matumizi. Njaa kubwa ikija inaikuta iko macho. Dawa ya moto ni moto, walisema wazee, na hawakuwa na maabara.

Wageni walipotembelea, profesa aliwaeleza hayo yote. Alikuwa mama wa maneno machache na haraka nyingi, lakini mwishoni hakuacha kuongeza mambo mawili. La kwanza, kinga hiyo haidumu: inafifia baada ya saa chache, inajitokeza tena kesho yake, kisha inapotea. La pili, haizuii kifo, inakichelewesha tu. Koleo aliyasikia maneno hayo miaka nenda miaka rudi, akiwa amesimama pembeni na koti lake jeupe, na yalimwingilia sikio hili yakatokea lile.

Koti lile lilipigwa pasi na binti yake. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti huyo, na yeye alimwita Bosi. Alimpa jina hilo tangu akiwa mdogo, alipoanza kusimama jikoni mikono kiunoni na kumwamuru baba yake apunguze moto, aongeze chumvi, avue viatu. Sasa Bosi alikuwa mtu mzima, fundi wa meno ya bandia, mwenye mikono mitulivu aliyoirithi anakojua kila mtu, na bado alitoa amri zile zile. Walikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, na kibaraza chembamba kilichotosha viti viwili na mtu asinyooshe miguu.

Mama yake Bosi alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Aliugua ghafla, ndivyo alivyoambiwa mtoto, na hadi anamaliza chuo hakuwahi kupewa neno la ziada. Si kwamba hakuuliza. Aliuliza sana. Lakini kila akiuliza, Koleo alikumbuka bomba linalovuja, au taa ya ngazini iliyoungua, au alisimama tu akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Mtoto akaelewa kwamba pale pana ukuta, akawa anaupitia pembeni.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Bosi alipopiga pasi alipenda kupiga mluzi. Hakuwa na sauti ya muziki hata chembe. Alikuwa anapuliza tu. Koleo akiusikia popote alipo, hata bafuni, alisema, "Bosi, mluzi," na binti akanyamaza. Alidhani baba yake ni mtu wa kupenda kimya. Loo, laiti angejua.

Ukweli ni huu, nami nausema kwa kuwa mwenyewe alikaa nao miaka yote hiyo kama mwiba kwenye unyayo. Mkewe alikufa kwa moyo. Mshipa mmoja ulifunga, mara moja, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, bila maumivu ya awali wala dalili. Daktari alimwambia wapo wenye bahati ambao moyo huwauma vipindi vifupi vifupi kabla, na hao likija lile shambulio kubwa mara nyingine nyama yao huhimili. Mkewe hakupata hata onyo. Wakati ule Koleo alikuwa fundi saa. Baada ya msiba alikaa miezi hajafungua kibanda, hali, haogi, dada yake akamchukua mtoto. Aliponyanyuka, aliacha saa zote alizokuwa anatengeneza na akaenda kuomba kazi kule wanakochunguza mioyo, akaanza kwa kuosha vioo. Watu walisema amechanganyikiwa. Labda.

Basi siku Bosi alipofika nyumbani na habari kwamba amepata kazi nchi ya mbali, kwa mkataba mrefu, kwenye karakana kubwa ya meno, Koleo alisema, "Hongera sana, mwanangu," akamkumbatia, kisha akaenda jikoni kuosha kikombe kisafi. Alikiosha mara mbili. Aliwaza kwamba pigo hili la pili litamuua, na akawaza pia, hapo hapo kwenye sinki, kwamba safari hii angalau amepewa onyo. Na mtu aliyepewa onyo, tena mtu wa kazi kama yake, atakaaje mikono mitupu?

Hapo ndipo akili ilipomruka mzee wa watu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini nyingine zinahitaji kunyolewa. Aliamua kuufanyia moyo wake kile alichokuwa anawafanyia panya: atajinyima Bosi kidogo kidogo, amrudie, ajinyime tena, amrudie, ili siku ya kufunga moja kwa moja imkute yuko tayari. Hakumwambia mtu. Alijua angechekwa, na pengine moyoni alijua ni kwa nini.

Alianza na jioni moja. Badala ya kurudi nyumbani alikaa maabara akipanga nyuzi zilizokwisha kupangwa, simu ameizima. Iliuma. Alihesabu hilo kuwa zuri, maana dawa isiyochoma si dawa. Aliporudi Bosi alikuwa amemwekea chakula chini ya sahani, akamlaumu kidogo, wakacheka, na Koleo akasikia kifua kimejaa joto lile lile analoliona kwenye bomba la kioo rangi ikirudi. Akasema, ehee, inafanya kazi.

Akaongeza dozi. Akaanza kulala kazini. Alisema kuna majaribio marefu ambayo hayawezi kuachwa bila mtu. Hakukuwa na majaribio yoyote, alilala kwenye benchi la chumba cha vifaa, kichwa juu ya boksi la glavu, akisikiliza jokofu likinguruma na kuzima. Siku mbili hayupo, siku moja yupo. Mtunza panya, mtu wa mizaha ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Koleo, alimkuta asubuhi ana alama za boksi shavuni, akamuuliza kama amefukuzwa na mke. Koleo akasema hana mke. Mtunza panya akasema hilo ndilo linalomshangaza. Kisha akaacha mzaha, akamuuliza kama nyumbani ni salama, na Koleo akajibu kwamba ni salama kabisa, akachukua mswaki wake akaenda zake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapomkasirikia. Jioni zile alizokuwepo, Bosi alitoa viti viwili kibarazani. Hakusema kitu, aliviweka tu vikielekeana, akatengeneza chai, akakaa kwenye kimoja. Aliomba hata mara moja, "Baba, leo utakaa kidogo? Kuna vitu nataka kukuuliza kabla sijaondoka." Koleo alijua ni vitu gani. Alijua kabisa. Na alijiambia kwamba akikaa pale na kuanza kumzungumzia marehemu atajitonesha kidonda na mazoezi yote yatakwenda na maji. Akajibu kwamba amechoka, kesho. Kesho yake akalala kazini. Siku aliporudi viti vilikuwa bado viko nje, mvua ilikuwa imevinyeshea, na yeye ndiye aliyevifuta na kuviingiza ndani.

Kisha, kama vile Mungu anampa nafasi ya pili, safari ikaahirishwa. Viza ilichelewa, Bosi akaambiwa asubiri wiki kadhaa zaidi. Mtu mwingine angefurahi. Angesema nimeongezewa mwanangu, ngoja nikae naye mpaka anichoke. Koleo yeye aliingiwa na wasiwasi, kwa sababu kinga inafifia. Profesa alisema, na hilo ndilo neno pekee la profesa alilolikumbuka. Kwa hiyo akaanza upya, kutoka mwanzo, jioni moja moja, halafu siku mbili mbili. Mganga hajigangi, nyote mnajua, ila huyu alijiganga akajizidishia.

Jambo moja aliliona mara ya pili hii. Bosi hakumlaumu tena kwa kuchelewa, na chakula chini ya sahani hakikuwepo. Kilikuwa kwenye jokofu, kimefunikwa vizuri, achukue mwenyewe akitaka. Alisema "karibu, baba" kwa adabu na kurudi chumbani kufunga mizigo. Koti jeupe lilikuwa linaning'inia mlangoni limepigwa pasi, na nyumba nzima kimya. Koleo akafikiri binti ametulia. Alifurahi hata kidogo, maana mtoto akitulia na mzazi naye hupata nguvu.

Siku ya kuondoka alimbebea begi hadi pale wanapozuia wasindikizaji. Hakulia. Alikuwa amejiandaa kuanguka, akakuta miguu inamshika vizuri na sauti inatoka. Bosi naye hakulia. Alimwambia baba yake ale mboga, asiache dirisha la jiko wazi, amwite fundi wa bomba asijifanye yeye ndiye fundi, akamkumbatia, akapita. Koleo alirudi nyumbani kwa miguu, njia yote, akijisikia mshindi.

Ushindi wenyewe ulidumu siku chache. Nadhani mmeshakisia. Kwanza alikuwa sawa. Alikula, alilala, hata alimtania mtunza panya. Kisha asubuhi moja alichukua koti mlangoni akalikuta limekunjamana, akakaa kitandani nalo mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Baada ya hapo kila kitu kilikuja kwa mpigo. Alipika chakula cha watu wawili akakimwaga. Alifungua mlango wa chumba cha Bosi, akaufunga, akaufungua tena kuhakikisha. Majirani wa ukuta wa pili walikuwa na kicheko kila jioni na yeye akawa anasogeza kiti karibu na ukuta, mtu mzima na mvi zake, anasikiliza familia ya watu. Upweke ule ulikuwa na uzito kabisa.

Na Bosi alipiga simu. Mwanzoni kila siku. Koleo aliona kila simu inampa raha ya dakika mbili na kumwachia maumivu ya usiku kucha, akahukumu kwamba kosa ni kuachia achia. Muda wa mazoezi umekwisha, sasa ni ule wa kubana moja kwa moja, na kubana kunataka uvumilivu. Akawa anajibu kwa mkato, yuko kazini, ana mgeni, sufuria liko motoni. Halafu akawa hapokei. Simu zikapungua, kama ambavyo zako na zangu zingepungua.

Ndipo ikafika ile siku ya maabara. Ilikuwa mchana, jua kali dirishani. Mbele yake alikuwa na mioyo miwili kwenye mabomba mawili. Wa kushoto alikuwa ameufanyia mazoezi, wa kulia hakuufanyia, na yote miwili ilikuwa imebanwa kwa ule muda mrefu. Alichotakiwa kufanya ni kungoja saa ilie, aachie makoleo. Simu ikatetemeka mfukoni mwa koti. Bosi. Akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Hakuwahi kupiga mara mbili mfululizo, na Koleo akasikia mkono unataka kupokea wenyewe, akaona heri atoke nje. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mitungi ya hewa, simu ameishika kwa mikono miwili. Ikaita mara ya tatu. Aliiacha iite hadi mwisho.

Alibaki pale. Hakujua anafikiri nini. Aliitazama ile simu iliyozima kioo, akiomba iite na akiomba isiite. Watu walipita wakimsalimu, akawaitikia. Kivuli cha mitungi kilikuwa kimehama kutoka ukuta huu hadi ule alipokumbuka mioyo yake.

Alikimbia. Saa ilikuwa imelia peke yake ikachoka. Makoleo yalikuwa bado yamebana, na yote miwili ilikuwa imepauka upande mmoja, imelegea, inadunda kwa shida kama inayomwonea haya. Aliachia. Maji yakapita. Aliinama akangoja rangi irudi kwenye ule wa kushoto, ule uliofundishwa, na haikurudi.

Hakuficha. Hilo nampa. Alimwita profesa, akamwambia amesahau, kisha akafanya kama inavyofanywa: akaigandisha mioyo, akaikata vipande vyembamba kama mtu anayekata mkate, akavitia kwenye rangi. Rangi ile inashika nyama iliyo hai ikawa nyekundu kama tofali. Nyama iliyokufa inabaki nyeupe. Walivipanga juu ya kioo, safu mbili, wakaviinamia pamoja. Ungevichanganya usingejua kipi kimetoka kwa nani. Weupe ulikuwa sawa.

Koleo akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba ule wa kushoto ulikuwa umefanya mazoezi.

"Ulifanya," profesa alisema. "Lakini mazoezi hayaokoi moyo, Koleo. Yanakupa muda tu wa kufika kuufungua. Usipoufungua, unakufa kama wenzake." Akamtazama usoni, akaona kitu, akamwambia aende nyumbani apumzike, vipande ataviosha yeye mwenyewe.

Na hayakuwa maneno mapya. Aliwaambia wageni yale yale kila mwezi, na yeye Koleo amesimama hapo pembeni! Lakini sikio la mtu husikia siku linapotaka. Hakwenda nyumbani. Alirudi kwenye ngazi za nyuma, akakaa pale pale penye mitungi, akampigia binti yake.

Iliita muda mrefu. Bosi alipopokea, nyuma yake ilisikika mashine ikisaga kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona ulipiga."

Bosi akasema ndiyo, alipiga, ila jambo lenyewe limeshapita. Kazini kwao walikuwa wanapimwa afya, na daktari akamuuliza mama yake alifariki kwa ugonjwa gani. Akaomba dakika moja ampigie baba yake. Alipiga, akapiga tena, na daktari akawa anangoja na kalamu mkononi. "Mwishowe nikamwambia sijui," alisema. Alilisema bila lawama, kama mtu anayeeleza alivyokosa basi.

Koleo alimuuliza kama amemuudhi.

"Hapana, baba. Zamani ningeudhika." Mashine nyuma yake ikazimwa, na sauti yake ikawa karibu zaidi. "Zile siku ulizokuwa hulali nyumbani, nilikuletea chakula kazini. Mlinzi akaniambia leo hakuna majaribio, ila wewe umo ndani, umelala. Nikarudi nacho. Nililia sana wakati ule. Nilidhani umenichoka, unataka niondoke haraka. Halafu nikazoea. Siku ya safari nilijisikilizia kama nitalia, nikaona silii, hata nikajishangaa. Sasa hivi usipopokea siumii tena. Kwa hiyo usijali."

Usijali, alimwambia. Koleo aliegemeza kichwa kwenye mtungi wa hewa, chuma baridi. Mazoezi yake yalikuwa yamefanya kazi vizuri kabisa, hakuna jaribio lililowahi kumtoka vizuri namna ile. Yalikuwa yamefanya kazi kwa mtoto wake. Alitaka kumweleza habari za panya na koleo na dakika tano, akaona aibu, akaona pia kwamba hayo si anayodaiwa.

"Sikukuchoka," alisema. "Niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana."

Akasogeza simu karibu na mdomo.

"Una nafasi sasa?"

"Nina dakika tano hivi. Halafu narudi mezani."

Koleo akapangusa uso kwa mkono wa koti. Hakujua aanzie wapi, akaanzia palipokuwa karibu.

"Mama yako alikuwa anapiga mluzi," alisema. "Akipiga pasi. Hakuwa na sauti kabisa, jirani alikuwa anagonga ukuta. Wewe umechukua kwake, huo huo, bila kufundishwa na mtu. Ndiyo maana nilikuwa nakunyamazisha."

Akaendelea, na maneno yalitoka kwa kujikwaa kwa sababu yalikuwa yamefungiwa muda mrefu. Alimweleza kwamba siku ile mama alipofariki mtoto alikuwa kwa shangazi yake, na yeye baba alirudi mapema kutoka kibandani kwa kuwa alikuwa amemaliza saa iliyomsumbua. Alipokuwa anapanda ngazi, akiwa bado ghorofa ya chini, aliusikia mluzi wa mkewe, akawa anapanda huku anacheka peke yake. Alipofika mlangoni mluzi ukakatika. Alidhani mkewe amesikia hatua zake. Huo ulikuwa mchezo wao. Akisikia hatua hunyamaza, huja kwa kunyata, hufungua mlango ghafla amshtue. Basi hakugonga. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, hakuutoa.

"Nikasimama nikingoja anifungulie," Koleo alisema. "Mpaka niliposikia harufu ya shati linaungua. Ni moyo, Bosi. Mshipa mmoja tu, na haukuwahi kumuuma hata siku moja kabla ya hapo. Kamwambie daktari hivyo, na umwambie akupime vizuri."

Upande wa pili adabu ile ya wiki za mwisho haikuwepo tena. Koleo alisikia pumzi. Mtu akamwita Bosi kutoka mbali, akisema kazi inamngoja mezani.

"Ulingoja muda gani, baba?" Bosi aliuliza, na sauti ilikuwa imepasuka.

Koleo akasema hajui. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa anatabasamu, amesimama pale mbele ya mlango, anatabasamu. Yule mtu akamwita Bosi kwa mara ya pili, naye hakuitika wala hakukata simu.